Ndama Aliyerudi Kunyonya

Mjukuu wangu Nyangeta,

Bwana asifiwe! Hapa Buhare tu wazima, babu yako anakusalimu. Na lile gauni nililovaa harusi ya mama yako limenienea tena! Nimepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Unasema uliacha nyama yote kwa mara moja ili upungue, halafu juzi mishkaki ikakushinda. Unaniuliza kama umefeli. Sikia.

Nikiwa msichana kule Butiama, tulikuwaga na ndama wa kuachishwa kunyonya. Mama alimzoesha majani taratibu, huku akimpunguzia maziwa. Siku moja ndama akatoroka, akarudi kwa mama yake, akanyonya mpaka povu likamtoka. Nikalia kwamba kazi yetu imeharibika. Mama akacheka: "Muache, amekuja kusalimia tu." Kesho yake ndama alikuwa malishoni, na mwishowe akawa fahali wa kuogopwa.

Na mimi nimepungua hivyo hivyo, taratibu: nyama Jumapili tu, siku nyingine mlenda, maharage na ugali wa mtama.

Basi hiyo mishkaki, mjukuu wangu, ulienda kuisalimia tu. Rudi malishoni!

Bibi yako