Zamu ya Kuwa Binti Lumemo

Sikitu Steshenari,
Karibu na mashine za kukoboa mpunga,
Ifakara.

12 Julai 2025

Mpendwa Dada Luciana,

Shikamoo dada yangu. Habari za Gaborone, habari za wodini, habari za baridi? Tunasikia mwezi wa saba huko mnalala na soksi. Shemeji hajambo? Na Ignas je, bado anasusa ugali? Mwambie mama yake mdogo wa Ifakara anamsalimia, na siku akija huku atanyooka mwenyewe.

Sisi ni wazima. Mama Mkubwa, mama yako, goti lilimsumbua sana wakati wa masika, lakini sasa anakwenda kanisani kwa miguu na kurudi akiwa amegombana na watu wawili au watatu, kwa hiyo ujue afya imerudi. Mpunga tumevuna. Wenzetu wa kijiji cha Mofu wamepata vizuri kuliko sisi na wanatutambia mpaka tunachoka.

Barua hii anakuletea Fulgensi, yule mwalimu wa Idete, anayekuja huko kwenye semina. Nimemtwisha na mchele kilo tano. Wakimnyang'anya mpakani usimlaumu yeye, alikataa nikamlazimisha. Najua utasema kwa nini sikutuma sauti kwenye simu kama watu wengine. Dada, nilijaribu mara tatu. Kila nikianza nacheka, nikifika katikati nalia, nikisikiliza mwenyewe sielewi nilichosema. Acha niandike.

Habari kubwa ni Binti Lumemo. Dada, Binti Lumemo wako anajulikana kutoka Sanje mpaka Mofu! Yule uliyekuwa unamchora kidato cha pili nyuma ya daftari la hesabu, mwenye buti za mvua na kitenge mgongoni, anayesikia maji yanakuja siku moja kabla hayajafika. Unakumbuka viboko wanavyomsogezea njia mtoni Lumemo? Unakumbuka alivyombeba diwani mgongoni kama mzigo wa kuni? Watoto wa hapa wanacheza mchezo huo sasa, na hakuna anayekubali kuwa diwani.

Nilipoyakuta yale madaftari kwenye sanduku la Mama Mkubwa nilikupigia, ukanijibu kwamba wewe ulishasahau, nifanye ninachotaka. Basi nilifanya. Nina mashine ya fotokopi, na nina Zena, binti wa duka la vitenge pale barabarani, ambaye mkono wake ukishika kalamu unaweza kudhani picha itakusalimia. Mimi natunga, yeye anachora. Tumetoa vitabu vinne vya katuni. Vinasomwa shuleni, saluni, na hapa kwenye mashine ya kukoboa wanawake wakisubiri zamu, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanabishana.

Sasa keti chini, maana nina kosa la kuungama.

Katika kitabu cha nne tulimuua.

Subiri kwanza usikasirike, nikueleze tulivyofika huko. Zena alikuwa na hoja yake ya siku nyingi. Alisema tangu akiwa mdogo, madaftari yako yalipokuwa yanapita mkono kwa mkono mtaani, anamwona shujaa huyu ni mtoto wa Kindamba tu, na yeye akicheza alikuwa anajifunga ushungi halafu kitenge juu yake, akijua anaiba shujaa wa wenyewe. Na huko Mofu kuna Minza, dada wa Kisukuma anayeleta maziwa mjini kwa baiskeli, madumu manne, hata wakati wa baridi ya kipupwe. Siku moja alinisomea kitabu cha tatu chote pale kaunta, alipomaliza akaniuliza mbona wao kila wakichorwa ni watu wa kupita na ng'ombe. Nikamhesabia karatasi alizotaka.

Ndipo tukapata wazo, na nakwambia usiku na mchana tulikuwa hatushikiki kwa furaha. Kwamba Binti Lumemo si mtu mmoja. Ni jina, na jina linahama kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine. Tukajiuliza, jina linahamaje? Mimi najua njia moja tu, ile tuliyoiona kwetu tangu utotoni. Mtu akifa, msiba ukimalizwa, mrithi anaketishwa mkekani, anavishwa nguo ya marehemu, na kuanzia hapo hata kama ni mtoto wa miaka sita anaitwa bibi na anaamkiwa.

Basi tukaifuata. Binti Lumemo akalizuia daraja lisikatike, maji yakamchukua. Kurasa mbili za matanga. Halafu mkeka, halafu Minza kaketi juu yake na buti za mvua, mji mzima unamwita kwa jina jipya. Minza mwenyewe alikubali achorwe. Zena aliumaliza ukurasa ule akaniambia, "Sikitu, hii ni noma, hapa tumemaliza." Nami nilikubaliana naye kabisa.

Tulichosahau ni uso. Binti Lumemo wa kwanza ana uso wako, dada. Zena anamchora kwa kutazama ile picha yako ya kumaliza chuo, tangu kitabu cha kwanza, na sisi tulishazoea mpaka hatuuoni tena.

Mama Mkubwa aliona. Kitabu alipewa na jirani, kwa nia njema tu. Alikuja dukani mwezi wa tano, saa nne asubuhi, wateja wamejaa. Amekifunga kwenye khanga. Akakiweka kaunta, akafunua ukurasa wa matanga, akaniuliza taratibu kabisa, "Sikitu, mwanangu amekufa lini?"

Mashine ya fotokopi ilikuwa inaendelea kutoa makaratasi ya mtu, hata kuizima nilishindwa.

Sasa unajua kwa nini siku ile alikupigia simu mara kumi na moja. Ulikuwa zamu, hukupokea, na ulipompigia jioni akakwambia alitaka tu kukuuliza bei ya sukari huko. Uliniandikia siku ile unacheka. Dada, mama yako alikuwa ameketi kwenye kiti cha nje tangu asubuhi hajala, simu mkononi, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayemwekea matanga aliye hai, na sisi tulikuwa tumekuwekea, na mrithi tumemketisha, na nakala mia mbili tumezitoa.

Wiki tatu hakuitikia shikamoo yangu. Ninapita, naamkia, anatazama kuku. Mimi ambaye nimekula kwake kuliko kwetu! Niliumia sana, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Nikaanza kuvikusanya vitabu. Nilikwenda Idete, nikaenda Mofu, nikagonga milango kama mtu wa sensa. Wengi walirudisha, wengine walinikatalia na kuniuliza kitabu cha tano kinatoka lini. Minza ndiye alinishinda kabisa. Alisema cha kwake hakirudi, ule ukurasa mama yake ameshaubandika ukutani karibu na kalenda. "Dada, mle ndani nina jina," akaniambia. "Ukiuchukua, mama nimwambie nini?" Nikarudi mjini na vitabu sitini na kichwa kinaniuma. Nikifuta, namwondoa Minza mkekani mbele ya mama yake. Nikiacha, mama yako anaendelea kuishi na matanga ya mwanawe.

Zena alitaka twende wawili tukapige magoti. Nikamwambia kwetu haiendi hivyo, ukimkosea mtu mzima hujipeleki mwenyewe kama mgeni wa chai. Tukamwomba Mzee Barnaba wa jumuiya yetu ya kanisani atutangulie, na kuku mmoja, na sukari. Zena alivaa baibui yake mpya na alikuwa anatetemeka kuliko yule kuku.

Mama Mkubwa alitusikiliza mpaka mwisho. Mzee Barnaba akasema alichosema, mimi nikasema nilichosema, Zena akalia. Kisha mama yako akauliza swali ambalo mpaka leo linanishangaza kwa nini hatukujiuliza sisi wenyewe.

"Luciana alipoondoka, ndoo yake ya maji aliishika nani?"

Nikasema mimi.

"Na kumpelekea bibi yenu uji?"

Mimi.

"Mbona hukumzika?" Akamgeukia Zena. "Mtu hai harithiwi jina, mwanangu. Anashikiwa. Huyu amemshikia mwenzake ndoo miaka yote, na mwenyewe yuko hai. Chora hivyo."

Dada, Zena alifuta machozi akaomba kalamu pale pale!

Kwa hiyo sasa tuna kitabu cha tano, na ni kizuri kuliko vyote, sijisifu. Binti Lumemo hakufa. Maji yalimchukua yakamtoa mbali, akapata kazi ya kutibu watu, na jina lake ameshikiwa. Anayelishika analishika kitabu kimoja, halafu anamkabidhi mwingine kwa mdomo wake mwenyewe, na aliyetangulia anabaki kuwa somo wake, wa kumfundisha maji yanasikikaje. Minza amebaki na buti zake, ila hakuna mkeka wala matanga. Nilimpelekea ukurasa mpya, mama yake akaubandika kando ya ule wa zamani, ambao aliukata kwa mkasi kipande cha juu chenye picha ya msiba.

Na wanawake wa mji huu, ungewaona! Habari ilipotoka kwamba jina linashikwa kwa zamu, duka langu limekuwa kama zahanati siku ya kliniki. Fundi cherehani amekuja, anataka kitenge cha shujaa kibadilishwe mshono kwanza ndipo achorwe. Mama wa mashine ya kukoboa amekuja, anataka awe anasimamisha mafuriko kwa kupiga kelele, na kwa kweli huyo hata hatuhitaji kutunga. Wandamba na Wasukuma wanataniana pale nje kutwa nzima, wale wanasema mmetuchukulia shujaa, hawa wanajibu mlishindwa kumlisha. Zena amefungua daftari la zamu. Yeye mwenyewe amejiandika wa pili, na ushungi wake, na safari hii haibi.

Wa tatu huwezi kumkisia. Jumatatu iliyopita Mama Mkubwa aliingia, akangoja wateja wapungue, akaniuliza zamu yake ni lini.

Nikadhani utani. Akasema mbona vijana tu, yeye mafuriko ameyaona kabla mimi sijazaliwa. Zena akamkalisha kwenye kiti, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamweleza kwamba kila anayeshika jina lazima awe na nguvu yake. Minza anawahi kuliko maji kwa baiskeli, Zena anayachora yasimame. Yeye ana nguvu gani?

Mama Mkubwa akafikiri kidogo. "Andika ninajua kungoja," akasema. "Hakuna anayenishinda."

Zena ameshaanza kumchora, mto umekuja juu mpaka miguuni pake, yeye kaketi kwenye kiti chake cha nje, na mto ndio unachoka.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na huko ndiko barua yote ilikokuwa inakwenda. Kitabu cha tano kiko tayari lakini hakijachapwa. Ukurasa wa kwanza uko wazi. Mama yako ameweka sharti kwamba jina ni lako wewe uliyelianza, na hakuna wa kulishika mpaka mwenyewe useme kwa mdomo wako. Nikamwambia rahisi, nitamwomba dada atume sauti leo leo. Akakataa. Simu si mdomo, akasema. Nikamwambia basi aandike barua, aitie sahihi. Barua si mdomo. Nikamuuliza kwa hasira kidogo sasa anataka nini. Akasema anataka mwenyewe asimame hapa, mbele ya watu, akabidhi.

Nilikasirika mpaka nyumbani. Nilisema huyu mama anatukomoa, wanawake wamepanga foleni, watoto wanauliza kila siku, yeye analeta masharti. Ndipo nikiwa napalilia mchicha, jembe likanisimama mkononi. Miaka tisa, dada. Kwa miaka tisa hajakuambia rudi hata siku moja, maana anajua kazi, anajua nauli, anajua Ignas na shule, na hataki kuwa mzigo. Sasa amepata la kukuitia ambalo si yeye.

Sijamwambia kwamba nimegundua. Na wewe usimwambie kwamba nimekuandikia hivi. Mwambie tu unakuja kwa ajili ya Binti Lumemo.

Likizo yako najua ni Desemba. Tutangoja. Foleni nitaituliza mimi, wakinizidi nguvu nitawapeleka kwa Mama Mkubwa awafundishe.

Zena anakusalimia sana na anaomba msamaha kwa kukuua. Minza anakusalimia, anasema maziwa ya kwanza ukifika ni yake. Mzee Barnaba anauliza kama huko kuna jumuiya. Nisalimie shemeji, na Ignas umbusu hata akikimbia.

Mama yako nilimuuliza niandike salamu gani. Amesema zake haziandikwi, atakupa mwenyewe.

Mungu awafunike huko mliko, awafungulie na njia ya kuja.

Mdogo wako akupendaye,

Sikitu