Simba wa Uongo kwenye Ngao Yangu

Jumapili, Guangzhou. Unyevu wa leo umezidi. Kuta za bweni zinatoka jasho na soksi nilizofua Alhamisi bado mbichi. Na mimi nina wivu. Niandike hivyo hivyo, maana hapa sina wa kumwonea haya.

Ninayemwonea wivu ni Konrad, Mjerumani ninayesoma naye ubunifu wa mavazi. Mwalimu alitutaka kila mtu alete alama ya ukoo wake, imetariziwa kwenye kitambaa. Konrad akaleta ngao ya manjano yenye kalunguyeye mweusi juu ya vilima vitatu. Kwao ni makabaila wa tangu zamani, na jina lao kwa Kijerumani linaanza na kalunguyeye, kwa hiyo hata asiyejua kusoma akiiona ngao hiyo vitani alijua ni akina nani wanakuja.

Akasimulia karne baada ya karne. Mababu zake walibadili upande vitani mara mbili. Mmoja alicheza karata mpaka ngome ya ukoo ikamtoka. Anayasema haya akicheka, na kila mwenye aibu yake anamtaja kwa jina.

Mimi nilikuwa nimekaa na simba.

Simba huyo nilimpata Shisanhang, soko la nguo la hapa mjini, kwa fundi mwenye mashine ya kutarizi. Nilimwambia, "Laoban, nataka mnyama mkali," kama tunavyomwita kila mwenye duka huku, naye akafungua kompyuta. Simba alikuwa tayari humo, huwa anamshona kwenye sweta za shule. Nikamchukua, nikamzungushia ngao. Darasani nikasema babu wa babu yangu alimuua kwa mkuki. Nilitaka tu kumshinda yule kalunguyeye.

Uongo ungeishia hapo, lakini baba yake Konrad hukusanya ngao za koo mbalimbali kwenye daftari moja kubwa. Konrad akaniomba picha na hadithi ampelekee. Nikampa. Kwa kiherehere changu, picha nikaitupia na kwenye kundi la familia.

Leo asubuhi shangazi, dada wa marehemu baba, kanipigia kutoka Muleba.

"Mwanangu, huyo simba ni wa nani? Sisi mwiko wetu ni uyoga."

Uyoga. Kwetu Kagera kila ukoo una kitu chake usichokila, na kwa hicho watu wanakutambua. Mimi nimekulia Dar, baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu nifike China uyoga ndio kitoweo changu karibu kila siku. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi asili sikuiacha, sikuikuta.

Nikamuuliza shangazi kwa nini uyoga, kulitokea nini huko nyuma.

"Aliyekuwa akijua ni baba yako."

Basi ngao wabaki nayo, na kalunguyeye wao. Ninachomwonea wivu Konrad ni kwamba akikwama kwenye hadithi, humpigia baba yake.

Kesho nitamwambia ukweli, uso unichome tu. Simba afutwe daftarini, uandikwe uyoga. Na kwenye nafasi ya hadithi waandike jina la baba yangu. Ndiye aliyekuwa nayo.