Jina la Nusu la Zenek

Mtaa wa Yemans,
Hamtramck, Michigan.
25 Oktoba 1987

Mpendwa Shangazi Halina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Adelaide, pamoja na wanao Marek na Staszek, na kwamba goti limeanza kukupa nafuu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anashona kama kawaida yake. Bendera mpya ya kanisa iko mapajani mwake hivi sasa, na hajui ninakuandikia nini.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeuliza saratani iliyomuua kaka yangu Zenek ilikuwa ya wapi, maana daktari wako anataka kuwapima vijana wako, na wewe usingizi umekuruka. Lala, Shangazi. Hapakuwa na saratani. Zenek alikufa kwa Ukimwi. Saratani tuliipika hapa jikoni, mimi na Mama, kabla maiti haijatoka hospitali, tukaupakulia mtaa mzima, na wewe tukakutumia sahani yako kwa posta.

Na yule Leland wa Chicago hakuwa mpangaji mwenzake, kama Mama alivyokuandikia. Waliishi kama mke na mume kwa miaka mingi. Ndiye aliyemlisha na kumwogesha mpaka mwisho. Kwenye mazishi tulimkalisha benchi la nyuma kabisa, nyuma ya watu wa kiwandani kwa Baba ambao hata hawakumjua Zenek. Alikaa, akashukuru kwa kualikwa.

Leland ndiye aliyenieleza habari za blanketi la viraka. Kila mwenye marehemu wake wa ugonjwa huu anashona kipande chenye ukubwa wa kaburi, kisha vyote vinaunganishwa. Mwezi huu vilikuwa vitandazwe Washington, siku ya maandamano makubwa ya watu kama yeye na Zenek ya kudai haki zao, na majina yasomwe moja moja. Nikamwomba Mama atarizi jina la mwanawe, maana wajua parokia nzima hakuna sindano kama yake. Alinuna siku kadhaa, kisha akakaa na kutarizi "Zenek" kwa uzi mwekundu, na yale maua yake mekundu ya mpopi pembeni. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Nilipomkumbusha kwamba bado Wilkosz, alikata uzi kwa meno.

"Hilo ni jina la marehemu baba yako," akasema. "Mimi nimelipata kwa kuolewa tu. Siwezi kwenda kulianika uwanjani."

Leland alipokiona kipande alicheka, kicheko kibaya. Enzi za ujana wake polisi walivamia baa walimokuwa wakikutana, na kesho yake gazeti likachapisha jina lake kamili na mtaa aliokaa. Alikuwa mwalimu wa muziki. Wiki haikuisha akawa hana kazi. Ndipo alipoanza kuandamana, wakati huo wakiwa watu wachache wa kuzomewa.

"Zamani walililia majina yetu yote mawili," aliniambia. "Leo tumekufa, la pili hawalitaki hata bure."

Basi nilikwenda. Uwanja ulijaa vipande, na vingi vilikuwa kama cha kwetu: jina moja, basi. Watu waliovaa nguo nyeupe walivikunjua polepole, na kipaza sauti kikasoma majina. La kwetu lilipofika likasomwa "Zenek," wakaenda kwa mwingine. Nilikuwa sijajua kwamba jina fupi linaweza kuuma hivyo.

Nilipozunguka kurudi nilikuta mwanamke amepiga magoti kwenye kipande chetu, anapapasa uzi kwa kidole. Alikuwa Mama Kubiak, jirani yetu, anayekaa na Mama benchi moja kanisani kila Jumapili.

"Huu mkono naujua," akasema bila kuniangalia. "Ni wa mama yako. Kumbe alijua."

"Alijua. Na marehemu mwanao, Rysiek?"

"Mapafu," akajibu haraka, kisha akainamisha kichwa. "Tuliwaambia mapafu. Kipande chake kipo kule, karibu na njia. Nimeandika Rysio tu, jina lake la utotoni." Akanishika mkono. "Bronka, mwanangu, mama yako asijue umeniona hapa. Nimeaga nakwenda kwa dada yangu Toledo."

"Mama Kubiak, mnakaa benchi moja."

"Ndiyo maana."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wangekuja Hamtramck wakaone. Sisi tumelia vilio viwili, tumepelekeana vyakula vya matanga, na hakuna aliyeumbuka.

Jumapili iliyofuata Mama Kubiak aliniuliza mbele ya watu, "Bronka, umepotea, ulikuwa wapi?" Mama akanijibia, "Alikwenda kwa rafiki yake Cleveland." Ulipofika wakati wa kutakiana amani, wakashikana mikono, wanawake wawili waliozika wana wao kwa ugonjwa mmoja, wakaulizana habari za baridi. Nilitamani kupiga yowe. Niliimba.

Blanketi litatandazwa tena mwakani. Mama anasema jina la Wilkosz si langu kulichezea, ni la ukoo. Katika ukoo aliyebaki mkubwa ni wewe. Lakini Shangazi, siombi ruhusa, nakuarifu. Nimekwisha kulishona kwenye kitambaa cha kuunga chini ya lile la kwanza, kwa mkono wangu huu mbaya. Herufi zimepinda, na mtoto wa darasa la pili angenicheka, ila kutoka mbali zinasomeka.

Ukikasirika, kasirika na mimi, usimwandikie Mama. Msalimie Marek, msalimie Staszek. Waambie damu yao haina kasoro, na kwamba binamu yao alipendwa na mtu mwema. Mungu akutunze na akurudishie usingizi.

Wako akupendaye, ingawa kwa uchungu,
Bronka Wilkosz