Stelingi ya Kethia

Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou, China.
27 Oktoba 2025

Mpendwa binamu yangu Mselem,

Assalaam aleikum, wewe na nyumba yako yote hapo Kisauni. U hali gani, yakhe? Goti lako bado linatabiri mvua? Na ile dawa ya majani niliyokutumia uliinywa, au ulimpa mbuzi? Mimi mzima kabisa, alhamdulillahi. Meno yamebaki machache lakini yaliyobaki yanafanya kazi ya yote. Wachina wakiniona napanda ngazi za stesheni wanadhani nina miaka arobaini. Wangekuona wewe wangeita ambulensi.

Shemeji yangu Bi Mwanatumu hajambo? Mwambie mapishi yake naota. Huku nakula vizuri, lakini samaki wao wanamleta na macho yote mawili yanakutazama, mtu unashindwa kumeza.

Barua hii inaletwa na Njoki, yule dada wa Nairobi anayenunua vitambaa vya harusi huku. Ningekupigia simu, lakini kila nikitaja jina la Najat unasema mtandao umepotea. Barua haina mtandao. Na ukiichana, Njoki ana nakala.

Ndiyo, najua. Najua binti yako ameposwa na kijana wa Muscat, najua Najat mwenyewe ameridhia, na najua watu wa mume wanangoja jibu lako tangu Idi. Wewe kila wakija una mafua, una safari, una mazishi ya mtu ambaye hajafa. Hilo nitalifikia, usikunje uso. Kwanza nikupe habari za gari, maana nisipozitoa nitapasuka.

Mselem, nimezishika gari! Usiseme unazijua. Wewe unazijua kwenye kalenda, ile iliyobandikwa gereji ya Makupa tulipokuwa vijana, ukasimama mdomo wazi mpaka inzi akaingia akatalii akatoka. Zile gari za zamani za Marekani, boneti ndefu kama kitanda cha watu wawili. Mustang. Camaro. Charger. Huku kuna laoban mmoja, yaani bosi, anaitwa Liang, ana karakana nje ya mji upande wa Panyu. Anachukua bodi ya mwaka sitini na kitu, anakwangua kutu yote, anapiga rangi mpaka unaweza kujinyoa ndevu ukijitazama mlangoni. Halafu ndani anatia kila kitu kipya: injini ya silinda nane, breki za kisasa, AC ya kugandisha ng'ombe mzima, kioo cha kugusa kama simu, kamera ya kukuonyesha nyuma. Ufunguo hakuna. Unabonyeza kidude, inanguruma. Nje babu, ndani mjukuu. Kama mimi.

Hapa mjini haziingii barabarani, hazina namba. Anaziuza nje ya nchi. Zikikamilika zinazunguka ndani ya ua wa karakana tu, kama jogoo wa mtu tajiri.

Huyu Liang nilikutana naye Pazhou, kule kwenye yale majumba ya maonyesho ya biashara. Amesimama na Mustang nyekundu, watu wamemzunguka wanapiga picha. Nikapita katikati yao, nikaweka sikio juu ya boneti, nikafumba macho nikasema, "Laoban, huyu hajalala vizuri." Wallahi sikujua nasema nini. Lakini wakafungua boneti, na waya mmoja wa betri ukakutwa umelegea! Tangu siku hiyo ananiita mwalimu. Mimi, Mselem! Ambaye shule niliiona kwa nje, nikipita kuuza njugu.

Basi akaniahidi mbele ya watu. Nikimletea mteja mmoja wa Afrika, na mteja huyo akaondoka anacheka, gari zote za kwenda Afrika zitapita mikononi mwangu, na jina langu litaandikwa kwenye ukuta wa karakana. Asipocheka, nirudi mtaa wa Yide Lu kubebea watu maboksi ya midoli, kazi ambayo mgongo wangu ulishaikataa.

Mteja nikampata palepale mtaani Dengfeng, kwenye mkahawa. Papa Nicolas, Mkongo wa Lubumbashi, muuza vigae. Tumbo limetangulia, adabu imefuata. Binti yake Kethia anaolewa baada ya Pasaka na yeye anataka bibi harusi atoke kanisani ndani ya gari ambayo mji mzima haujaiona. Nikamfikisha kwa Liang. Akachagua Mustang ya samawati yenye mistari miwili myeupe. Akaeleza kila kitu, mpaka rangi ya uzi wa kushonea siti. Kisha akarudi kwao, akaniachia mimi kazi ya kusimamia.

Stelingi hakuitaja.

Sasa, gari za Marekani stelingi yake iko kushoto. Nikaitazama nikasema, maskini, mzee wa watu amesahau. Mtu mzima ataendeshaje amekaa upande wa abiria? Nikamwambia Liang, hamisha, weka kulia. Akauliza kama nina hakika. Nikamtolea jicho. Mtu aliyeendesha Mombasa kabla hujazaliwa, unamuuliza hakika? Liang akasema "hao, hao," yaani sawa, na wakahamisha. Stelingi, pedeli, dashibodi nzima, hata waipa zikageuzwa zifute upande wetu. Nami kila nikienda nanyoosha kidole, nakunywa chai yao chungu, nimejawa na sifa. Nikaamua nisimwambie Papa Nicolas, iwe ni ya kumshtua.

Nilimshtua, bwana.

Wiki iliyopita akafika, na mkewe Mama Marie-Louise, na Kethia mwenyewe aliyekuja kuchagua gauni. Tukaenda karakana. Liang amevaa tai. Shuka likavutwa, Mselem, na gari ikatokea inang'aa kama imetoka kuoga! Mama akapiga kigelegele. Papa Nicolas akaizunguka kwa heshima, akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akanyoosha mikono mbele.

Akakamata hewa.

Akatulia hapo, mikono juu, kama mtu anayeombewa.

"Mzee Harun," akasema polepole, "volant iko wapi?" Volant ndo stelingi kwa Wakongo.

"Iko huku, Papa! Nimekuhamishia. Kulia, kama gari za watu!"

"Za batu gani?"

"Watu wa Afrika."

"Congo haiko Afrika?"

Hapo ndo nikajua, Mselem. Miaka yote hii nakula nao meza moja, tunagombania pilipili moja, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nchi yao nzima inatembea upande ule mwingine wa barabara. Nikamwambia Papa, kwani ninyi mkikutana na sisi njiani inakuwaje? Hakucheka.

"Mimi mwenyewe nilitaka kuendesha siku ya harusi," akasema. "Nishike volant, mutoto yangu akae pembeni. Leo unanikalisha fasi ya mama mukwe! Barudishe!"

Liang naye akawa anatikisa kichwa. "Meiyou, meiyou." Hakuna, haiwezekani. Chuma kimekatwa, kimeunganishwa, kurudisha ni kuanza upya, na meli itaondoka, na Pasaka itapita, na bibi harusi atatoka kanisani kwa miguu. Kisha Liang akanitazama mimi. Halafu akautazama ukuta, pale jina langu lilipotakiwa likae. Mselem, niliyaona maboksi ya midoli yananiita kwa jina.

Nikajaribu. "Papa, ukikaa kulia unaona mtaro vizuri."

"Mitaro ya Lubumbashi naijua! Mingine inanijua mimi!"

Na hapo, yakhe, Mama Marie-Louise akaanza kucheka. Kwanza kidogo, kisha mabega yote. Mumewe akamgeukia kwa hasira.

"Nico," akamwambia, "hii gari ni ya nani?"

"Ya Kethia."

"Na Kethia ataishi wapi?"

Papa akajifanya anakagua uzi wa siti. Hata mafundi wa Liang, ambao hawajui neno, waliacha kazi.

"Nico. Mutoto ataishi wapi?"

"Kitwe," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko tumbo lake.

Kitwe, Mselem, ni Zambia, ng'ambo ya mpaka. Bwana harusi ni mtu wa huko, ana kazi huko, ana nyumba huko.

"Na Zambia banaendesha upande gani?"

Mama akajijibu mwenyewe. "Upande wa huyu muzee. Weye, Nico, ulinunua gari ya kulala ku nyumba yetu. Mutoto halali tena ku nyumba yetu."

Papa Nicolas bado yuko kwenye kile kiti cha kushoto. Mikono ikashuka taratibu, ikalala juu ya mapaja. Nilitaka kufanya mzaha, unanijua, lakini ulimi ulikataa. Mara ya kwanza tangu tohara.

Kethia akazunguka boneti, akafungua mlango wa kulia, akakaa kwenye stelingi. Akavua viatu vyake virefu akanirushia mimi dirishani, nikavidaka. "Papa," akasema, "funga mukanda." Akabonyeza kidude.

Ulimwengu ukanguruma! Vikombe vya Liang vikacheza mezani, paka wa karakana akapanda ukuta, na mimi moyo wangu ukarudi ujana bila ruhusa. Akaitoa polepole mpaka uani. Mara ya kwanza wakizunguka, Papa ameng'ang'ania dashibodi kama yuko juu ya punda. Waliporudi tena, amefungua kioo. Safari iliyofuata mkono umetoka nje, unapiga mlango ngoma. Mama kigelegele, mafundi makofi, Liang tai imemhamia mgongoni, na mimi nakimbia nyuma yao na viatu vya bibi harusi mkononi, mzee wa umri wangu!

Waliposimama, macho ya Papa yalikuwa mekundu. Akabaki amekaa. Nikamsogelea kwa uangalifu, maana mkono wake ni mkubwa.

"Hii fasi sijakalaka hata siku moja," akaniambia. "Ukiwa na volant unaona barabara tu. Hapa naona barabara, na mutoto pia naona."

Kisha akacheka, Mselem. Akacheka mpaka gari ikayumba. Akashuka, akanikumbatia, mbavu zangu zikabadilishana nafasi. Akamwambia Liang gari ibaki hivyohivyo, asiguse hata skrubu, na siku ya harusi ataendesha mume wa Kethia, yeye atakaa kushoto. Gari inapakiwa kwenye meli wiki ijayo.

Jina langu liko ukutani. HARUN, herufi nyekundu, na chini yake michoro ya Kichina ambayo Liang anasema maana yake ni mtaalamu. Njoki anasema maana yake ni mzee. Ana wivu. Mtaani Dengfeng sasa siwezi kupita bila kuitwa. Wapo wanaosema nilibahatika. Wewe watangazie watu wa Kisauni kwamba nilijua tangu mwanzo. Na kwa kweli nilijua. Karibu nijue.

Haya, sasa nakuja kwako, na usiiweke chini barua.

Kijana wa Muscat umemtafutia kila kasoro. Mara mrefu mno, mara anacheka mno, mara ana shingo kama ya beberu. Nimeuliza mimi, kwa watu wa huko wanaokuja kununua mali huku. Ni mtoto mzuri, anaswali, anafanya kazi, anamheshimu mama yake. Kasoro yake ni moja, Muscat ni mbali. Sema hivyo basi, tukusikie! Nani atakucheka? Mimi nitakucheka, lakini hiyo ni haki yangu ya binamu, hata ukinuna nakucheka.

Najat alinipigia. Hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa, maana yule tangu mdogo akilia jambo ni dogo. Akaniambia, "Ami, baba akikataa nitabaki. Lakini aseme. Hii ya kila siku mafua siiwezi." Mtoto hakutaka kukuudhi, Mselem, ndiyo sababu nakuudhi mimi. Watu wa mume hawatangoja mpaka Ramadhani. Wape jibu.

Njoki ana kifurushi chako. Usidhani ni sabuni. Ni kigari cha bati, nimekitafuta Yide Lu duka kwa duka mpaka wenye maduka wakaniuliza nina wajukuu wangapi. Nikawaambia ninaye mmoja, ana mvi. Mustang ya samawati, mistari miwili myeupe. Milango inafunguka. Vaa miwani, fungua, uchungulie. Stelingi yake iko kushoto, kama gari zote za Muscat. Kiti cha kulia kiko kitupu. Hicho ni chako.

Msalimie Bi Mwanatumu sana. Msalimie Ami Shee msikitini, mwambie deni la utani halijaisha. Wasalimie watoto wa Makupa, na wale wa Likoni wote, hata yule aliyenikopa baiskeli akasahau kwamba inarudi. Najat mpe mkono wangu, mwambie ami yake sasa ni mtaalamu, kaandikwa ukutani.

Mungu akuweke, akupe kifua kisicho na mafua siku ya wageni, na goti zima la kupanda ngazi za ndege ya Muscat.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda hata ukininunia,

Harun