Harufu ya Bwawa Si Klorini

Craig, asiingie mtu bwawani leo, hata watoto wakililia. Soseji zilizobaki jana ziko kwenye friji.

Asubuhi bwawa linanuka mpaka jikoni, nawe ukaniambia eti tumezidisha klorini. Tumezidisha wapi? Klorini hunuka hivyo ikishachanganyika na mkojo! Jua likizama ongeza kopo zima la klorini, na pampu isizimwe.

Mkojo wenyewe wa nani? Jana kaka yako Darryl alishinda majini toka mchana mpaka giza, bia moja baada ya nyingine, na chooni hakwenda hata mara moja.

~~Asikanyage tena hapa.~~ Jumapili aje, ila atakaa kwenye kiti, nchi kavu.

Ptuu! Vichekesho vyake vilinivunja mbavu nikiwa naogelea, nikameza funda zima.

Mkeo