Kanda za Dani

Homa Bay, Jumanne, Agosti 1997

Haizunguki tena. Fundi aliiweka ile diski ya kompyuta yangu sikioni kama simu, akaitikisa, kisha akatikisa kichwa. "Madam, hukuweka kopi hata kwa flopi moja?"

Sikuweka. Hadithi zote za Dani, nyanya yangu, za jinsi wazee wetu walivyofika Karungu, zilikuwa kwa hiyo kompyuta peke yake. Nilizichapa likizo nzima. Nilipomaliza nikawapa kwaya ya kanisa letu kanda nilizomrekodia, wazitumie kurekodi nyimbo zao. Kanda ni ghali, na nilijiona mjanja sana. Dani mwenyewe tulimzika Aprili.

Jioni hii nimezisikiliza zote, nikiomba kwaya wawe wamesaza kitu. Nyimbo tupu. Nimewachukia wale waimbaji wote, na hawana kosa lolote.

Kwa kanda ya mwisho, wimbo uliisha kabla ya kanda kuisha. Kimya. Halafu Dani, karibu kabisa, akikohoa: "Zima sasa, nimechoka. Lakini mbona wewe huandiki?"

Kisha kicheko kirefu cha mtu mwingine. Changu.