Waje Wenyewe Wavikalie

Jumatatu, 3 Machi

Kazi imekuja. Kubwa. Viti tisa vya chumba cha mkutano cha benki — ile ile benki — vinakuja kwangu kuvalishwa ngozi mpya. Wameuliza mji mzima nani fundi, wakaambiwa Mzee Springi. Binti yangu anasema si hivyo, anasema yeye ndiye aliyemtajia jina langu mtu wa manunuzi. Haya. Angetaja la nani? Mtaa huu mafundi makochi tumebaki wawili, na yule mwingine anapaka gundi panapotaka sindano.

Binti yuko dirishani hapo benki, anapokea hela za watu na kuzitoa. Leo kasimama mlangoni pa karakana, hakukaa. "Baba, nakuomba. Fanya kazi, ulipwe, usiseme chochote." Nikamwuliza, kwani mimi huwa nasema nini? Akaniangalia tu.

Nasema yaliyotokea. Mwaka jana benki ilifunga milango. Watu wakasimama nje na vitabu vyao vya akiba, Mama Vitambaa jirani yangu akiwa wa mbele, na binti yangu ndani ya kioo anatukanwa kana kwamba yeye ndiye aliyekula. Halafu Serikali ikachota kodi zetu ikaiokoa. Milango ikafunguliwa, wakapaka na rangi. Nani aliikausha? Hatujaambiwa mpaka leo.

Jumanne, 4 Machi

Viti vimefika kwa lori. Kaja navyo mtu wa manunuzi, ana simu mbili na zote zinalia. Namwita Simu Mbili.

Nimemwambia sheria yangu, kama ninavyomwambia kila mteja tangu nimefungua hapa: kiti cha mtu hakitoki kwangu mpaka mwenyewe aje akikalie. Mgongo wa huyu si mgongo wa yule. Natazama magoti, natazama kiuno, napunguza sponji au naongeza, ndipo napiga misumari ya mwisho. Nimemkalisha jaji hapa. Nimemkalisha daktari wa meno, akasinzia mdomo wazi, nikamhesabia meno mimi. Simu Mbili anaongea na simu huku ananijibu: sawa mzee, sawa, sawa. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwepo, amezisikia sawa zote.

Alipoondoka nikafungua cha kwanza. Springi nzima. Mikanda ya chini imekaza. Ngozi laini, haina hata ufa. Nikafungua cha pili — vivyo hivyo. Viti hivi havijachoka. Wenyewe ndio wamechoka rangi yake.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi hunisomea gazeti huku ananyoa. Mimi herufi nazijua, ila zile ndogo za gazeti zinanikimbia. Leo kasoma: bungeni wameuliza majina ya waliokopeshwa mamilioni wasirudishe, na ya waliotia sahihi. Waziri kajibu kwamba suala ni nyeti, kuna mchakato. Wakubwa wa benki wako palepale, na wamepewa bonasi kwa kuivusha benki salama. Mteja wa kinyozi akageuka ghafla, nusura aache sikio. Akasema: basi na mimi nichome nyumba yangu, zimamoto wakija niombe medali.

Mchakato. Nimelinakili hilo neno nilitazame. Halina mtu ndani yake.

Nimekwenda kununua sponji, imepanda. Muuzaji kasema ushuru mpya, wa kuziba pengo. Nikamwuliza pengo gani. Akasema, "Lile lile, mzee, unataka niseme kwa sauti?" Kwa hiyo sponji ninayowawekea matakoni nimeilipia mara mbili.

Nimeshona mpaka jioni. Mishono imenyooka kuliko siku zote. Wengine wakikasirika mkono unatetemeka. Wangu unatulia.

Jumapili, 9 Machi

Binti kaja na chakula, tumekula pamoja karakanani. Nikamwuliza kama wale wakubwa huwaona. Akasema wana lifti yao. Mkurugenzi mkuu amemwona mara moja tu tangu aajiriwe, kwenye kalenda. Nikacheka mimi, yeye hakucheka.

Nikamwuliza, watu wakija dirishani wakakuuliza hela zilikwenda wapi, unawajibu nini? Akasema: tunaandikiwa cha kujibu, Baba. Akaanza kukusanya vyombo na chakula hakijaisha.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Sikumwambia. Nilimaliza kula kimya, na kwa kuwa mimi si mtu wa kula kimya, akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 12 Machi

Viti vimekwisha. Sijawahi kushona vizuri hivi, na mimi nimeshona vizuri sana maishani. Imebaki misumari ya mwisho tu.

Simu Mbili kaja na lori na wabebaji wawili. Nikamwuliza, wenyewe wako wapi? Wenyewe gani? Watakaovikalia. Akasema mzee usinivunje mbavu, wale ni wajumbe wa bodi. Nikamwambia jaji alikuja, na alikuja na mwavuli wake mwenyewe, mvua inanyesha. Akavua koti. "Haya, nitavikalia mimi vyote, tumalize." Akakaa. Miguu inaning'inia. Kinyozi kachungulia akasema, "Mshusheni mtoto asije akaanguka." Wabebaji wakacheka mpaka wakashika ukuta.

Nikamwambia kwa sauti, na mtaa usikie: waje wenyewe. Mmoja mmoja, mlango ukiwa wazi. Akikaa, nampima, na nikimpima namwuliza swali. Akijibu, anabeba kiti chake. Simu Mbili akauliza swali gani hilo. Nikamjibu si la saizi yake.

Lori limeondoka tupu. Nikachukua ubao nikaandika kwa mkono wangu: VITI TAYARI. WENYEWE WANASUBIRIWA. Herufi zimesimama. Ile B imevimba kidogo, lakini inasomeka. Kinyozi kaupiga picha, ubao na viti tisa nyuma yake, akaituma kwenye simu za watu.

Alhamisi, 13 Machi

Binti kaitwa juu leo. Amepandishwa kwa ile lifti. Kaambiwa Jumanne kuna wageni wa Serikali, viti visipokuwepo mezani siku hiyo na yeye asiwepo dirishani, kwa sababu ndiye aliyeleta fundi.

Kanieleza akiwa amesimama. "Baba, unadhani umewashikia wao kiti. Umeshika changu. Watoto wangu nitawasomesha na ubao wako?"

Nikasema sitoi. Ndilo lililotoka mdomoni. Kaondoka hajaniaga.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nilikifunika kimoja turubai, tayari kupakia. Nikalivua. Nikalirudisha. Kichwa kigumu ninacho, sikatai, ila mtoto ninaye mmoja.

Nikiwa hapo na turubai mkononi, kaingia Mama Vitambaa. Picha imemfikia. "Mzee Springi, nasikia unawauliza wale. Nimekuja kusikiliza." Nikamwambia hawajaja. Akasema benki nilisubiri juani, hapa angalau kuna bati. Akageuza ndoo akaikalia, palepale mlangoni. Vile viti hakuvigusa, alivitazama tu kama mtu anayetazama nyama ya mwenzake.

Saa sita sakafu imejaa. Mwalimu mstaafu. Dereva wa lori la mchanga. Watu wawili siwajui wametoka upande wa pili wa mji. Hakuna aliyekalia viti, na mimi sikumkataza mtu. Wanaongea taratibu. Kila mmoja alikuwa akiweka kwa ajili ya jambo: bati, matibabu ya mama yake, mashine ya kusaga. Baadhi wamerudishiwa nusu. Mwalimu kasema hela ikirudi yote sawa, lakini hata ikirudi anataka kumjua mtu. Si kumfunga, kumjua tu kwanza. Dereva akasema yeye anataka yote mawili.

Askari kaja alasiri. Kapewa taarifa ya wizi wa viti. Nikamwonyesha: hivi hapa, mlango uko wazi, mwenyewe aje akae abebe. Akavitazama. Akauliza kama kweli bonasi walipewa. Kinyozi akamsomea gazeti. Askari akavaa kofia yake, akasema hapa yeye haoni wizi, anaona watu wanasubiri, na kusubiri hakuna kifungu. Mshahara wake nao ulilala miezi kadhaa benki ile. Hakusema yeye, alisema Mama Vitambaa, wanajuana.

Jumamosi, 15 Machi

Binti kaja mchana, watu wakiwa bado wapo. Wengine ndio hao waliomtukana dirishani. Mama Vitambaa akainuka kwenye ndoo, akamwambia, "Mwanangu, kaa." Hakukaa, lakini alishika mkono wake.

Nikamvuta nyuma kwenye chumba cha sponji. Nikamwambia: napakia leo. Nimeshawaaibisha vya kutosha, picha imefika kila mahali, basi. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa maneno mazuri zaidi.

Akauliza: wakija, utawauliza nini? Nikaanza. Nikamwambia nitaanza na enzi zangu nilipofungua karakana, niende kwenye heshima ya jasho, halafu ushuru wa sponji, halafu — akanikatiza. "Baba, wataangalia saa. Uliza fupi. Nani alikopeshwa, nani alitia sahihi." Basi. Akasema mwaka mzima ameulizwa hivyo mara nyingi kwa siku na hajaruhusiwa hata kulirudia swali. Hujibu "kuna mchakato" mpaka anapofika nyumbani mtoto akimwomba maji humjibu hivyo hivyo.

Hilo lilinichekesha na kuniuma.

Nikauliza tena, nipakie? Akasema, "Jumatatu saa za kazi zikiisha, upakie." Akapita katikati ya watu akaondoka. Sijui kama amenisamehe. Ila Jumatatu ina saa za kazi nyingi.

Jumatatu, 17 Machi

Amekuja. Mkurugenzi mkuu mwenyewe! Naandika haraka, nimejificha nyuma kwenye chumba cha sponji, yeye yuko mbele kitini.

Gari limeingia mtaani taratibu kama la msiba. Kashuka hana tai, mikono ya shati kaikunja, na mpiga picha wake pembeni. Simu Mbili nyuma. Na binti yangu, na sare zake za kazi. Wamemleta anilainishe.

Akaniamkia. "Shikamoo, mzee wangu." Hilo sikulitegemea, nikajikuta nimeitikia vizuri. Akakaa. Kiti kimempokea — nilikisia kiuno chake kwenye kalenda tu, na sikukosea hata kidole. Picha ikapigwa. Akasema mikono yangu ni hazina. Akasema binti yangu ni mchapakazi, wanamfikiria nafasi ya juu zaidi. Alisema huku anamtazama yeye. Halafu akasema jua linaingia, turudishe mlango kidogo, tuongee kama baba na mtoto.

Simu Mbili akaenda kufunga. Mama Vitambaa yuko mlangoni na ndoo yake. Simu Mbili akamwambia samahani mama. Mama Vitambaa akamwambia haina neno, na hakusogea. Nyuma yake mtaa umejaa, wengine wamepanda kwenye benchi la kinyozi.

Nikapiga magoti kumpima, chaki mkononi. Uso wake uko hapa, wangu hapa. Ana manukato mazuri. Na mimi, niliyemkalisha jaji, nikafungua mdomo na swali halimo. Limetoka lote. Nilibaki na goti lake tu. Nikasema nafuata msumari.

Nimekunywa maji. Swali nimeliandika kiganjani kwa chaki, na hapa pia lisinipotee: nani alikopeshwa, nani alitia sahihi. Binti alinitazama nilipopita. Anajua msumari ulikuwa mfukoni mwangu.

Sasa natoka.

Ngoja — kuna sauti. Si ya kinyozi. Ni binti yangu. Anaongea kwa ile sauti ya dirishani, ya upole, kila neno mahali pake. Analiuliza yeye. Lote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya bosi wake, mlango wazi.

Mkurugenzi amesema neno mchakato, watu wakaguna, na binti anamwuliza tena, vile vile, wala hakuongeza sauti.

Nasikia anajisogeza kitini, anataka kuinuka. Bado sijampima mgongo. Naenda kukishika kiti.